Maksai wa Yunisi

Benson alifika Kinyangiri Jumanne moja ya mwezi wa nane, saa nne asubuhi, akiwa amepakiwa kwenye bodaboda aliyoikodi Nduguti. Alikuwa na mkoba mweusi kifuani na shati jeupe ambalo vumbi la njiani lilikuwa limekwisha kulibadilisha rangi mabegani. Aliulizia kwa Gasto katika nyumba tatu kabla hajaelekezwa vizuri, kwa hiyo alipopiga hodi, majirani walikuwa tayari wanajua kwamba mzee Gasto ana mgeni kutoka mjini.

Gasto alikuwa nyuma ya nyumba akishona midomo ya magunia ya alizeti. Alikuwa na miaka sitini na moja, mtu mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho kabla hajajibu. Alimpa mgeni kiti, mkewe Raheli akaleta maji ya kunywa, na baada ya shikamoo na habari za safari, Benson akafungua mkoba.

"Mzee wangu, nimekuja kwa ajili ya ule mkopo wa mashine," alisema.

Gasto hakuuliza mkopo gani. Maisha yake yote alikuwa amekopa mara moja tu. Mwaka 2012 alikwenda Singida mjini, kwenye kampuni moja ya mikopo, akachukua fedha za kununua mashine ya kukamua alizeti. Misimu miwili ya kwanza mashine ilimheshimisha. Watu walileta alizeti kwa mikokoteni kutoka vijiji vya jirani, wakasubiri mafuta yao wakiwa wamekaa juu ya magunia ya mashudu. Msimu wa tatu mvua ilikatika mapema, alizeti ikawa haba, na katikati ya uhaba huo shafti ya mashine ikavunjika. Marejesho yalikwama. Mara ya mwisho alilipa mwezi wa kumi na moja, mwaka 2014. Mwezi wa pili uliofuata watu wa kampuni walikuja na lori wakaichukua mashine. Wiki tatu baadaye, waliposema bei ya mashine haikutosha, walirudi wakachukua maksai wawili wa mdhamini wake, jirani yake Yunisi, mama mjane. Kabla mwaka haujaisha kampuni ilifunga ofisi yake Singida, na tangu hapo hakuna aliyesikia habari zake.

"Kampuni yetu imeyanunua madeni yote ya wale jamaa," Benson alieleza, akimwonyesha mstari wenye jina lake. "Salio lako na riba limefika milioni nne na laki sita. Najua ni nyingi. Ndiyo maana tunawasaidia wateja. Leo ukitoa elfu kumi tu, ukasaini hapa kwamba deni unalitambua, riba yote tunaikata nusu. Zilizobaki tutapanga polepole."

Gasto aliitazama ile karatasi. Jambo lililomshangaza ni kwamba hakuogopa. Miaka karibu kumi alikuwa akiingoja siku ambayo mtu angekaa mbele yake na kumdai, na sasa siku hiyo ilipofika ilikuwa kama mtu kumletea mzigo ambao mabega yake yalikuwa yamekwisha kuuzoea. Mfukoni alikuwa na noti ya elfu kumi aliyoiweka kwa ajili ya dawa ya mifugo. Akaupeleka mkono mfukoni.

"Baba Janeth," Raheli alisema kutoka mlangoni. Ndivyo alivyomwita mumewe, kwa jina la binti yao mkubwa. "Hiyo karatasi hujaisoma."

"Nimeisoma."

"Umeitazama. Mgeni, tuachie tuisome. Hatukimbii, hapa ndipo kwetu."

Benson alisema hakuna shida, ingawa uso wake ulionyesha kwamba shida ipo. Aliacha nakala, akaahidi kurudi Ijumaa.

Kesho yake Gasto alikwenda Kiomboi. Raheli ndiye aliyemkumbusha kwamba wakati fulani mama mmoja aitwaye Martina, msaidizi wa kisheria, alikuja kanisani kwao kufundisha kuhusu mirathi, akaacha namba ya simu na kusema ofisi yake haiko mbali na mahakama ya wilaya. Gasto aliikuta. Kilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma na benchi ambalo wanawake wawili walikuwa wamekwisha kulikalia. Alisubiri zamu yake, kofia mapajani.

Martina alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya chini. Aliisoma karatasi ya Benson mara mbili.

"Shikamoo tena mzee. Nikuulize machache. Mara ya mwisho kulipa ni lini?"

"Mwezi wa kumi na moja, elfu mbili na kumi na nne."

"Tangu hapo umewahi kusaini karatasi yoyote ya deni hili? Umewahi kuwaandikia barua kuomba muda? Umetuma hela kidogo kwa simu?"

"Sijafanya hata kimoja."

"Na hii ya jana hukusaini."

"Ilibaki kidogo."

Martina aliiweka karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja. "Basi nisikilize. Ipo sheria ya ukomo wa muda. Deni la mkataba kama lako, anayedai anatakiwa afungue kesi ndani ya miaka sita. Hata tukihesabu kuanzia siku walipochukua mali ya mwisho, miaka sita ilikwisha elfu mbili na ishirini na moja. Wakienda mahakamani leo na wewe ukasema muda umepita, hawana kesi."

"Na kwa nini anataka elfu kumi?"

"Hapo ndipo penyewe. Ukikiri deni kwa maandishi ukatia saini, au ukalipa hata kidogo, hesabu ya miaka inaweza kuanza upya, kama umekopa juzi. Elfu kumi haiwafanyii kitu. Wanachokitaka ni saini yako."

Nje, mtu alikuwa akipiga mnada wa nguo za mitumba kwa kipaza sauti.

"Kwa hiyo deni limekufa," Gasto alisema.

"Mimi huwa sisemi limekufa. Ulikopa, fedha ukaitumia, hilo halifutiki. Sheria inasema tu kwamba mtu aliyenyamaza miaka yote hiyo hana ruhusa ya kukuburuza mahakamani. Watu wanakufa mzee, mashahidi wanahama, karatasi zinaliwa na mchwa. Baada ya miaka kumi hakimu ataamua kwa kutumia nini? Na mtu naye hawezi kuishi maisha yake yote akisikiliza kama kuna pikipiki inakuja."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia Gasto. Ndivyo alivyoishi kweli. Alimshukuru, akasimama, akafika mlangoni, kisha akarudi na kushika mgongo wa kiti bila kukaa.

"Nilikuwa na mdhamini. Walichukua maksai wake wawili. Yeye je?"

Martina alidhani mzee anaogopa kudaiwa na huyo mdhamini, akataka kuumaliza wasiwasi huo. "Mdhamini aliyelipa kwa niaba yako alikuwa na haki ya kukudai wewe. Lakini naye ni hivyo hivyo. Walichukuliwa mwaka gani?"

"Kumi na tano."

"Basi muda wake umepita. Hawezi kukushtaki. Kuwa na amani mzee, hakuna mtu anayeweza kukulazimisha kitu."

Alipotoka pale alikuwa mtu huru mbele ya sheria, na alitembea mpaka stendi akitamani asingeuliza lile swali la mwisho. Kuhusu kampuni moyo wake ulikuwa mweupe. Mashine waliichukua, wakaiuza kwa bei waliyoitaka wenyewe, na kama walikaa kimya miaka yote hiyo, hiyo ilikuwa hiari yao. Lakini Yunisi hakukaa kimya kwa sababu ya uzembe. Yunisi alikaa kimya kwa sababu wanachota maji kisima kimoja, kwa sababu makaburi ya watu wao yako shamba moja, na kwa sababu Gasto alimwambia kwa kinywa chake, "Nitakurudishia, mama Abraham," na yeye akaitikia. Sheria ilikuwa imeuhesabu ule uungwana wake kuwa ni usingizi.

Ijumaa Benson alirudi, safari hii kwa mguu kutoka barabarani, ili asilipe bodaboda. Gasto alimwambia yote aliyoambiwa, bila kupandisha sauti. Benson alimsikiliza, akaanza kurudisha karatasi zake kwenye mkoba moja moja.

"Wengi huwa wanasaini," alisema.

"Na ni wangapi wanaojua kwamba hawalazimiki?"

Benson alifunga mkoba. Alisema analipwa kwa kila saini, si kwa siku, na kwamba tangu Jumatatu amepata mbili. Raheli alimletea ugali na mlenda, akala wote akamaliza, akanawa, akashukuru. Alipokuwa akiondoka alimgeukia Gasto. "Mzee, ofisini watakupigia simu. Usikubali kitu kwenye simu." Kisha akashika njia.

Jioni hiyo, jua likiwa bado liko juu ya mtama wa jirani, Gasto alimsimulia mkewe kile alichokuwa amekificha kuhusu safari ya Kiomboi: kwamba Yunisi naye hawezi tena kumdai. Raheli alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Unajua kwa nini nachota maji kwa njia ya juu?" aliuliza.

"Si ni fupi?"

"Ni ndefu. Ya chini inapita uani kwa Yunisi. Nimeipita ile ya juu miaka tisa na ndoo kichwani ili nisikutane na macho yake. Na yeye hajawahi kunitazama vibaya hata siku moja. Afadhali angenitazama vibaya."

Gasto hakulijua hilo. Miaka hiyo yote walilala kitanda kimoja, yeye akidhani aibu ile ni yake peke yake.

Asubuhi alichukua daftari la Janeth la zamani, akachana karatasi mbili za katikati, akaandika. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa alizofundishwa shule ya msingi, kwamba yeye Gasto anakiri kwamba mwaka 2015 Yunisi alipoteza maksai wawili wa kulimia kwa sababu ya mkopo wake, na kwamba anadaiwa na Yunisi maksai wawili wa kulimia, si fedha, na kwamba atawatoa ndani ya misimu miwili. Alikwenda nayo kwa mtendaji wa kijiji, akasaini mbele yake na kuomba muhuri. Mtendaji, ambaye hakuwa mtu wa kijiji hicho na hakuijua habari ile, aliisoma akamwuliza kama kuna mtu anamtishia.

"Hakuna," Gasto alisema. "Ndiyo maana nasaini."

Yunisi alikuwa uani kwake akikoroga udongo wa kukandika ukuta wa jiko. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, miaka yake karibu sawa na ya Gasto, na mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Walisalimiana kwa Kinyiramba, kirefu, kama kawaida: watoto, mifugo, afya. Kisha Gasto akamwambia kuhusu Benson, kuhusu Martina, na kuhusu miaka sita. Hakuruka kitu. Alimwambia hata kwamba muda wake wa kumdai ulipita na kwamba karatasi aliyomletea inaurudisha muda huo kwa hiari yake.

Yunisi alifuta mikono kwenye nyasi, akaipokea karatasi kwa ncha za vidole, akaisoma. Alikuwa msomaji wa Biblia kanisani na macho yake yalikuwa bado mazima. Aliisoma mpaka kwenye muhuri.

"Imeandikwa vizuri," alisema.

"Kuna kingine ambacho sikukiandika, mama Abraham." Gasto alikuwa amejiandaa kwa hilo njia nzima. "Siku ile walipokuja kuchukua maksai, nilijua wanakuja. Karani wao alikuwa amenidokeza. Nikaamka alfajiri nikaenda Kiomboi. Nilimwambia mama Janeth naenda kutafuta spea."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mama Janeth alipita asubuhi ile akaniambia umekwenda kutafuta spea ya mashine. Nikafikiri, mashine wamekwisha kuichukua wiki tatu, spea ya nini? Ilipofika saa tano nikawaona wanakuja na mgambo, nikaelewa." Alisema hivyo kama mtu anayesimulia habari za mvua ya mwaka fulani. "Nilikasirika sana, baba Janeth. Nisikudanganye. Lakini nikakumbuka mume wangu alipougua, ni wewe uliyekodi gari ya kumpeleka Kiomboi hospitali, na fedha hukuitaka tena. Nikasema basi, fedha za maksai ni badala ya zile."

"Haziwezi kuwa sawa."

"Hazikuwa sawa."

Alikaa kwenye kinu kilicholazwa, karatasi mkononi, na kwa muda akawa anautazama ukuta wake uliokandikwa nusu.

"Maksai nitawapokea," alisema. "Sitajifanya sihitaji. Nalima kwa jembe la mkono tangu mwaka ule na mgongo umeniisha. Lakini ng'ombe ni ng'ombe tu, hata ungeleta wanne. Unajua Abraham yuko wapi?"

"Shelui. Anaziba matairi."

"Unajua kwa nini haji?"

Gasto alijua kama kijiji kilivyojua: kwamba mtoto wa Yunisi aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita akaenda barabarani kutafuta maisha, na kwamba huonekana kwenye misiba tu. Wengi waliondoka hivyo. Hakuwahi kuuliza zaidi.

"Nilimwambia nimewauza," Yunisi alisema. "Alirudi kutoka shule akakuta zizi halina kitu. Ningemwambia nini? Alikuwa na hasira za umri ule, na wajomba zake unawajua. Ningesema ukweli wangekuja kwako na mapanga. Nikamwambia nimewauza kwa mtu wa Nzega. Akaniuliza fedha iko wapi, maana ada ilikuwa inadaiwa. Sikuwa na fedha ya kumwonyesha. Wale walikuwa maksai wa baba yake. Baba yake ndiye aliyewafundisha kulima. Abraham akaamini kwamba mama yake amekula fedha yao."

Gasto akachuchumaa pale pale penye udongo.

"Kwa nini hukumwambia baadaye, alipokuwa mtu mzima?"

"Baadaye nilijaribu. Alisema natafuta mtu wa kumsingizia." Yunisi alikunja karatasi mara mbili, akaichomeka kwenye pindo la khanga kiunoni. "Hilo ndilo deni ninalokudai. Maneno yangu hayatoshi. Nenda Shelui umwambie wewe."

Gasto alikwenda Jumatatu. Shelui palikuwa na malori pande zote mbili za barabara kuu, madereva wakinywa supu chini ya maturubai, na harufu ya mpira uliochomwa ilimwelekeza mwenyewe bila kuuliza. Abraham alikuwa chini ya tela, anafungua nati kwa bomba refu alilolikanyaga kwa mguu. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, kifua kipana, na alipotoka chini na kumwona mgeni alifuta mikono kwanza.

"Shikamoo, baba Janeth. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Mama yako mzima. Nimekuja na maneno yangu, kama una nafasi."

"Nikimalizia hii. Gari inaondoka."

Gasto alikaa juu ya tairi bovu akasubiri karibu saa nzima. Abraham hakufanya haraka wala hakuchelewesha. Lori lilipoondoka alinawa kwa dizeli na sabuni, akaja akakaa mkabala naye.

Gasto alieleza kama alivyoeleza kwa Yunisi, ila mara hii alianzia mwisho, kwa kitu kigumu zaidi. Alisema maksai hawakuuzwa. Alisema walichukuliwa kwa deni lake yeye, mama akiwa mdhamini, na kwamba yeye alijificha Kiomboi siku hiyo. Alisema mama yake alisema uongo ule ili kusije kukamwagika damu kati ya nyumba mbili, na kwamba yeye Gasto hakuujua uongo huo mpaka juzi, ingawa alikuwa na miaka tisa ya kuuliza na hakuuliza.

Abraham alisikiliza akiyatazama magari.

"Mtu wa Nzega," alisema. "Nilikwenda mnadani Nzega kuwatafuta. Mara mbili. Mara ya kwanza nilipanda lori la mkaa. Nilijua ningewatambua, mmoja alikuwa na sikio lililochanika. Nilizunguka kila zizi. Nilifikiri nikiwaona tu, hata kama siwezi kuwanunua, basi nitajua mama kasema kweli. Sikuwaona. Nikajua basi hata hilo la Nzega ni uongo."

Gasto alivua kofia akaiweka mapajani.

"Kwa nini sasa?" Abraham aliuliza. "Miaka yote ulikuwa pale pale."

"Kwa sababu nimeambiwa hakuna anayeweza kunilazimisha. Zamani nilikuwa najiambia wakija kunidai nitalipa. Nikawa nasubiri wanidai. Nilikuwa naona kusubiri huko ni kama kulipa."

Abraham alinyanyuka, akaingia kwenye kibanda chake, akakaa humo. Gasto alimsikia akisogeza vyuma visivyohitaji kusogezwa. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu anayejadili bei.

"Umesema utawatoa maksai. Utawapata wapi?"

"Nina magunia ya alizeti. Mmoja nitampata mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Wa pili mwakani."

"Wewe hujui ng'ombe," Abraham alisema. "Ulikuwa mtu wa mashine. Utauziwa ng'ombe mgonjwa. Ukiwa tayari nipigie."

Hakusema amemsamehe, na Gasto hakumwomba. Walibadilishana namba za simu.

Mwezi wa kumi walikutana mnadani. Abraham alizunguka kutwa nzima, akifungua midomo ya ng'ombe, akibonyeza mabega, akiwatembeza na kuwarudisha, huku Gasto akimfuata nyuma na fedha ya alizeti imefungwa kwenye leso. Saa nane mchana Abraham alisimama mbele ya dume mchanga, mwekundu, aliyehasiwa mwaka uliopita, akasema, "Huyu." Gasto akalipa bila kujadili, Abraham akamkatiza muuzaji mpaka akarudisha elfu thelathini. Walimswaga kwa zamu mpaka usiku ulipokaribia, wakalala kwa ndugu wa Raheli njiani, na kesho yake saa tatu asubuhi waliingia Kinyangiri.

Yunisi alikuwa amesikia kwamba Gasto analeta ng'ombe. Kwamba wanakuja watu wawili, hakuna aliyemwambia. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwona mwanawe ameshika kamba, akasimama. Abraham alimwamkia. Akaitikia. Alimwuliza kama amekula, naye akasema bado, kisha wote wawili wakawa kama wamemaliza maneno waliyoyajua.

Gasto alitaka kuwaacha. Lakini dume alikataa kuingia zizini. Miaka tisa zizi lilikuwa halina harufu ya ng'ombe, majani yalikuwa yameota mlangoni, na mnyama alikaza miguu ya mbele akajiegemeza nyuma, kichwa chini. Abraham alivuta kamba. Gasto akaja nyuma akasukuma, kofia ikamdondoka. Dume hakusogea hata hatua.

"Mwacheni," Yunisi alisema, akaja akasimama karibu na mwanawe. "Mwacheni kwanza. Mahali ni pageni kwake. Ataingia mwenyewe."

Abraham aliilegeza kamba. Wakasimama hapo watatu, jua likianza kuwaka, wakimngoja.